Barakoa Si Hirizi: Historia ya Vifaa vya Kukinga Pumzi

[MUZIKI WA KIPINDI UNAPANDA, KISHA UNASHUKA TARATIBU]

MTANGAZAJI: Vuta mkeka, kaa. Leo tunasimulia historia ya kitu ambacho huenda umewahi kukivaa, ukakitupa, ukakivaa tena: kifuniko cha pua na mdomo.

Tuanzie hapa Juba. Simama kando ya soko la Konyo Konyo mwezi wa Februari, wakati wa kiangazi, vumbi jekundu likiwa juu. Utamwona kijana wa bodaboda amejifunga kitambaa kuanzia puani hadi shingoni. Utamwona mama anayeuza makaa amejifunika kwa pembe ya leso. Ukipita gereji utamkuta fundi anapuliza rangi kwenye gari, usoni amevaa kitu cha mpira chenye vikopo viwili vya duara. Na ukifika hospitali utamkuta muuguzi wa wodi ya kifua kikuu amevaa barakoa nyeupe iliyoumuka kama nusu ya bakuli, imembana mpaka imemwachia alama mashavuni.

Watu wanne, na wote wamefunika pua na mdomo. Lakini wabadilishane vifaa hivyo uone. Mpe fundi wa rangi kitambaa cha bodaboda, na jioni kichwa kitamuuma kwa mvuke wa rangi. Mpe muuguzi leso ya mama wa makaa, naye atavuta vijidudu vya kifua kikuu siku nzima akidhani amekingwa.

Ndiyo maana leo tunasema barakoa si hirizi. Hirizi, anayeiamini huivaa akaona yatosha. Barakoa haiko hivyo. Kabla ya kuitegemea, iulize maswali matatu. La kwanza: inanikinga na nini? La pili: imeziba, au hewa inapita pembeni? La tatu: hewa yenyewe niliyomo inafaa kupumuliwa? Maswali haya hayakutungwa ofisini. Kila moja lilijibiwa kwa maisha ya watu, na historia yao ndiyo hii.

[MLIO MFUPI WA NGOMA]

SEHEMU YA KWANZA: KITAMBAA KINAMKINGA NANI?

MTANGAZAJI: Neno barakoa si la juzi. Pwani ya Waswahili, Zanzibar, na ng'ambo kule Oman, barakoa lilikuwa jina la kifuniko cha uso walichovaa wanawake wa Kiarabu, kilichoacha macho wazi. Kilikuwa vazi la heshima, hakikuhusu maradhi. Mwaka 2020 ndipo neno hilo la zamani lilipopewa kazi mpya.

Kujifunika dhidi ya vumbi ni jambo la kale zaidi. Mwandishi wa Kirumi Pliny, aliyeishi karibu miaka 2,000 iliyopita, aliandika kwamba wafanyakazi waliosaga madini mekundu yenye zebaki walijifunika uso kwa kibofu cha mnyama ili wasivute vumbi lake la sumu. Miaka mingi baadaye, karne ya 17, baadhi ya madaktari wa Ulaya walivaa wakati wa tauni vinyago vyenye mdomo mrefu kama wa ndege, ndani wamejaza majani na viungo vyenye harufu nzuri. Waliamini ugonjwa unaletwa na harufu mbaya. Walikosea. Harufu nzuri haiui kijidudu.

Hatua kubwa ilikuja mwaka 1897. Daktari wa upasuaji Johann Mikulicz, katika mji wa Breslau, alianza kujifunga kitambaa chembamba cha shashi mdomoni akiwa anapasua wagonjwa. Sikiliza vizuri sababu yake. Hakuogopa mgonjwa amwambukize. Aliogopa mate yake mwenyewe yasirukie kidonda cha mgonjwa, kwa kuwa ilikuwa imegunduliwa kwamba mtu akizungumza tu, matone madogo yenye vijidudu hutoka kinywani.

Hapo ndipo ilipozaliwa ile barakoa ya kitabibu unayoijua, ya buluu au ya kijani, yenye kamba mbili za masikioni. Kazi yake ya kwanza hadi leo ni kumkinga mwenzako na wewe. Inadaka matone makubwa ya mate na kikohozi. Pembeni mwa mashavu imeachia nafasi, na hewa unayovuta hupita hapo bila kuchujwa. Basi usishangae ukiwa kliniki, una kikohozi, ukapewa barakoa ya buluu, na muuguzi akavaa nyingine iliyombana. Hakukudharau. Yako inazuia matone yasitoke kwako. Yake inachuja hewa inayoingia kwake. Kazi ni mbili tofauti.

[MLIO MFUPI WA NGOMA]

SEHEMU YA PILI: DAKTARI ALIYEKATAA

MTANGAZAJI: Sasa twende mbali, kaskazini mashariki mwa China, mji wa Harbin, majira ya baridi ya mwaka 1910. Tunakwenda huko kwa sababu ndiko barakoa ilikopata mtihani wake mkubwa wa kwanza mbele ya ugonjwa unaosafiri kwa hewa.

Watu walikuwa wanakohoa damu na kufa ndani ya siku chache. Serikali ya China ikamtuma daktari kijana, Wu Lien-teh, mzaliwa wa Penang, aliyesomea udaktari Uingereza. Alipasua maiti, akaangalia kwa hadubini, akasema: hii ni tauni, lakini si ile tu inayoletwa na viroboto wa panya. Hii imeingia mapafuni, na inatoka kwa mtu kwenda kwa mtu kwa pumzi.

Wu akaagiza wahudumu wote wavae barakoa. Haikuwa ya ajabu: shashi ya hospitali imekunjwa, katikati pamewekwa pamba, ncha zake zimechanwa zikawa kamba za kufunga nyuma ya kichwa. Tazama mambo mawili aliyoyafikiria. Pamba ilikuwa kichujio. Na zile kamba zilivuta kitambaa kikabana usoni.

Wengi hawakumwamini. Mmoja wao alikuwa daktari Mfaransa, Gérald Mesny, mtu mzima mwenye uzoefu na cheo. Aliona kijana huyu hawezi kumfundisha kitu kuhusu tauni. Akaingia wodini bila barakoa, akawapima wagonjwa. Siku chache baadaye, Januari 1911, alikuwa amekufa kwa tauni hiyohiyo. Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kushurutishwa. Mji mzima ulitaka barakoa.

Ugonjwa ule uliua watu wapatao 60,000 kabla ya kuzimwa mwaka 1911. Na haukuzimwa na barakoa peke yake. Wagonjwa walitengwa, waliokaa nao waliwekwa kwenye mabehewa ya treni wakichunguzwa, safari zilizuiwa, na maiti zilichomwa kwa kuwa ardhi ilikuwa imeganda, makaburi hayachimbiki. Barakoa ilikuwa mkono mmoja kati ya mikono mingi. Hata hivyo kisa cha Mesny kimebaki kuwa onyo kwa kila mwenye cheo anayesema, "Mimi nimeyaona mengi, hiki kitambaa cha nini?"

[MUZIKI, SEKUNDE KUMI]

SEHEMU YA TATU: GESI, MAKAA, NA SHIMO

MTANGAZAJI: Tumezungumza vijidudu, navyo ni chembe. Chembe ni kitu kigumu au tone, hata kama jicho halikioni. Inaweza kukwama kwenye nyuzi. Lakini gesi si chembe. Gesi hupita kwenye pamba kama harufu ya samaki inavyopita kwenye kitambaa kilichofunika sahani.

Tarehe 22 Aprili 1915, katika vita vya kwanza vya dunia, jeshi la Ujerumani lilifungulia gesi ya klorini karibu na mji wa Ypres, Ubelgiji. Ni wingu la rangi ya kijani na njano lililotambaa chini likaingia kwenye mahandaki ya askari. Siku za mwanzo askari walijifunga vitambaa vilivyoloweshwa, wengine kwa mkojo. Mwaka uleule mwanakemia Mrusi Nikolai Zelinsky akatengeneza barakoa yenye makaa ndani yake.

Makaa? Ndiyo, lakini si haya ya jikoni. Ni makaa yaliyotayarishwa kwa namna maalumu mpaka kila punje ikawa na vitundu vidogo visivyohesabika. Gesi ikipita, inanata kwenye kuta za vitundu hivyo. Vitundu vikijaa, kopo limekwisha kazi, hata likionekana jipya kwa nje. Vile vikopo viwili vya fundi wa rangi pale gereji ni wajukuu wa barakoa ya Zelinsky. Na tafadhali, usije ukafunga makaa ya jiko kwenye kitambaa ukadhani umetengeneza kinga. Utavuta vumbi la makaa tu.

Sasa kisa cha jirani zetu. Disemba 1935 majeshi ya Italia yalikuwa yanaivamia Ethiopia. Ndege zao zilianza kudondosha na kunyunyiza gesi ya haradali, ingawa Italia ilikuwa imeukubali mkataba wa Geneva wa 1925 uliokataza silaha za namna hiyo. Askari wengi wa Ethiopia hawakuwa na barakoa za gesi. Lakini hata wangekuwa nazo, zisingetosha. Gesi ya haradali kwa kweli ni kimiminika kama mafuta. Inaangukia majani, inalowesha ardhi na maji, inababua ngozi ya mguu usio na kiatu, inapofusha macho. Tarehe 30 Juni 1936 Mfalme Haile Selassie, naye akiwa mkimbizi wakati huo, alisimama Geneva mbele ya Shirikisho la Mataifa akaieleza dunia jinsi sumu ilivyonyeshwa juu ya watu wake, mifugo yao na mito yao.

Funzo lake linabaki hata kwa aliye mbali na vita. Swali la kwanza ni "inanikinga na nini?", na wakati mwingine jibu ni kwamba hatari haipiti puani tu. Februari 2020 nzige wa jangwani walivuka kutoka Uganda wakaingia Magwi, Sudan Kusini. Dawa za kuua wadudu wa aina hiyo, anayezinyunyiza hatakiwi kuvaa barakoa pekee. Huhitaji kopo linalofaa kwa sumu hiyo, miwani, glovu, nguo ndefu na buti. Nawe ukipewa kazi ya kupuliza dawa shambani au kwenye vibanda, ukakabidhiwa barakoa ya buluu tu, uliza zilipo kinga nyingine.

Na sasa swali la tatu, lile linaloua haraka kuliko yote. Tarehe 24 Julai 1916 kulitokea mlipuko katika handaki lililokuwa linachimbwa chini ya Ziwa Erie, mji wa Cleveland, Marekani. Wafanyakazi walinaswa ndani kwenye gesi. Waokoaji wakaingia, hawakutoka. Wengine wakaingia kuwafuata, nao wakaanguka. Usiku ule akaitwa Garrett Morgan, Mmarekani mweusi, mtoto wa watu waliowahi kuwa watumwa. Alikuwa amebuni kofia kubwa ya kufunika kichwa chote, yenye mrija mrefu ulioning'inia mpaka karibu na ardhi, kwa sababu alijua kwamba moto ukiwaka, moshi wa moto hupanda na hewa nzuri hubaki chini. Aliivaa pamoja na ndugu yake Frank, wakaingia, wakatoka na watu wawili wakiwa hai.

Msikilizaji, nakusimulia kisa hiki kwa sababu ya kisima na shimo la choo. Kambini tunachimba yote mawili. Chini ya shimo refu, oksijeni inaweza kuwa imepungua. Gesi nzito inayotoka kwenye uchafu hukaa chini, si juu. Mrija wa Morgan ungekuponza hapo, kwa kuwa mbaya ndiyo iliyolala chini. Na hakuna barakoa ya kitambaa, ya buluu, nyeupe wala ya vikopo itakayokusaidia, kwa sababu zote hizo kazi yake ni kuchuja. Kichujio hakitengenezi oksijeni. Kama hewa haimo, hakuna cha kuchuja. Kinachofaa ni kifaa kinacholeta hewa kutoka mahali pengine: mtungi wa hewa mgongoni kama wa zimamoto, au mrija unaosukumiwa hewa safi kutoka nje.

Kwa hiyo mtu akianguka shimoni, usimfuate. Najua ni vigumu, huenda ni ndugu yako. Lakini Cleveland waliokufa kwa kuwafuata wenzao walikuwa jasiri kama wewe. Teremsha kamba akiweza kuishika, piga kelele, ita timu ya maji na usafi au waokoaji wa kambi, na usiwashe kiberiti. Na kamwe usiteremshe jenereta ndani ya kisima ili kuvuta maji. Moshi wake una kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, hiyohiyo inayotoka kwenye jiko la makaa lililoachwa linawaka ndani ya hema lililofungwa. Barakoa ya kawaida haiizuii. Toa jiko nje, au fungua hema.

[MLIO MFUPI WA NGOMA]

SEHEMU YA NNE: MARIDI, 1976

MTANGAZAJI: Turudi nyumbani Sudan Kusini. Mwishoni mwa Juni 1976, mtunza ghala wa kiwanda cha pamba cha Nzara aliugua homa kali. Tarehe 6 Julai alikuwa amekufa. Wenzake wakaugua. Mmoja akapelekwa hospitali ya Maridi, na Maridi ndiko moto ulikokolea.

Ulikuwa ugonjwa usio na jina bado. Baadaye ukaitwa Ebola, kwa jina la mto wa Kongo, kwa sababu miezi ileile ulizuka pia Yambuku upande wa pili wa mpaka. Hapa kwetu waliugua watu 284, wakafa 151. Katika hao, 213 walikuwa wa Maridi, 67 wa Nzara, 3 wa Tembura, na mmoja wa hapa Juba.

Kwa nini Maridi ndiyo iliyoongoza? Kwa sababu hospitali yenyewe iligeuka kuwa njia ya ugonjwa. Wauguzi waliosafisha matapishi, waliowageuza wagonjwa, waliowanywesha maji, waliugua. Karibu theluthi moja ya wafanyakazi wa hospitali ile walipata ugonjwa, na 41 wakafa. Fikiria wodi ambayo muuguzi wa jana ndiye mgonjwa wa leo.

Ugonjwa uliisha Novemba, baada ya wagonjwa kutengwa na wahudumu kuvaa mavazi ya kinga. Hapa tuwe makini. Ebola haisafiri hewani kama kifua kikuu. Inaambukiza kwa kugusa damu, matapishi na majimaji ya mgonjwa au maiti. Barakoa ilikuwamo kwenye mavazi yale ili majimaji yasirukie mdomoni na puani. Glovu, gauni na kinga ya macho vilikuwa na uzito uleule. Mtu aliyevaa barakoa nzuri kisha akajifuta jicho kwa glovu chafu hakujikinga.

Maumivu ya Maridi hayakusahauliwa. Ebola ilipozuka Kivu Kaskazini mwaka 2018, wengi wenu mnaotusikiliza mkiwa mmetoka huko, Sudan Kusini ilijiandaa kabla haijafikiwa, na Januari 2019 wahudumu wa afya walianza kuchanjwa. Mlipuko ule ulikwisha mwaka 2020 bila hata mgonjwa mmoja kuthibitishwa huku.

[MUZIKI, SEKUNDE KUMI]

SEHEMU YA TANO: BARAKOA NYEUPE INAFANYAJE KAZI?

MTANGAZAJI: Sasa tumtazame yule muuguzi mwenye barakoa iliyombana. Mwaka 1972 kampuni ya 3M ya Marekani ilipata kibali cha barakoa ya kutupwa, iliyotengenezwa kwa ajili ya wafanyakazi wa viwandani na migodini wanaovuta vumbi. Kanuni za Marekani za mwaka 1995 ndizo zilizoipa jina N95. Herufi N maana yake haihimili mafuta. Namba 95 maana yake inazuia angalau asilimia 95 ya chembe ndogo inazopimwa nazo. Ulaya wana ya namna hiyo, wanaiita FFP2.

Watu wengi hudhani inafanya kazi kama chekeche la unga: tundu dogo, chembe kubwa, basi. Sivyo. Matundu yake ni makubwa kuliko chembe nyingi inazozinasa. Ndani yake ni msitu wa nyuzi nyembamba za plastiki zilizolala ovyo, na chembe inapaswa kupenya katika msitu huo.

Chembe kubwa ni kama bodaboda aliyekimbia sana: hewa inakata kona, yeye anashindwa, anagonga mti. Chembe ndogo kabisa husukumwa huku na huku na hewa, inayumba kama mlevi kati ya miti, mwisho inagusa mmoja na kunata. Zenye shida ni za katikati, zenye ukubwa wa mikroni 0.3 hivi. Unywele mmoja wa kichwani una upana wa mikroni 70 hivi, basi piga hesabu. Hizo ni nyepesi kiasi cha kukata kona, na nzito kiasi cha kutoyumba sana. Ndiyo maana kipimo hufanywa kwa ukubwa huo: kichujio kikishinda hapo, kwingine ni rahisi.

Kinachozinasa ni umeme tuli. Umewahi kusugua kitana cha plastiki nywelezi kikavu kisha kikavuta vipande vya karatasi? Nyuzi za barakoa hii zimetiwa umeme wa namna hiyo na kubaki nao. Kati ya waliolifanyia kazi jambo hili ni Peter Tsai, mtaalamu mzaliwa wa Taiwan aliyekuwa Chuo Kikuu cha Tennessee.

Ukilijua hilo, utaelewa makatazo ambayo watu huyaona ya bure. Barakoa ya N95 haifuliwi kwa sabuni, haipulizwi spiriti, haichemshwi. Ukifanya hivyo umeme wake unapotea. Kwa macho iko vilevile, kwa kazi imekufa. Ya kitambaa ndiyo ya kufua, na inafaa ifuliwe kila siku.

Halafu swali la pili, kuziba. Hewa ni kama maji, hupita palipo rahisi. Pakiwa na mwanya kando ya pua, hewa itaacha kichujio ipite mwanyani. Bonyeza waya wa puani kwa vidole vya mikono yote miwili. Funika barakoa kwa viganja, pumua nje kwa nguvu. Ukisikia upepo machoni au mashavuni, haijaziba. Ndevu nazo zinafungua mlango. Watoto wadogo nyuso zao hazitoshei barakoa hizi, basi usimvalishe mtoto ukadhani amekingwa.

[MLIO MFUPI WA NGOMA]

SEHEMU YA SITA: JUBA 2020, NA WEWE LEO

MTANGAZAJI: Tarehe 5 Aprili 2020 Sudan Kusini ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona. Mwezi wa Mei ugonjwa ukathibitishwa hata ndani ya eneo la ulinzi wa raia la Juba, ambako familia zilikuwa zimebanana miaka mingi. Tuliambiwa tukae mbalimbali. Nawe unajua kambini mbalimbali ni wapi, foleni ya maji ikiwa moja.

Barakoa za N95 zilikuwa hazitoshi hata kwa wahudumu wa afya duniani. Tarehe 5 Juni 2020 Shirika la Afya Duniani likashauri watu wavae za kitambaa, zenye tabaka tatu, mahali ambapo hawawezi kuachana. Na katika kambi nyingi za Afrika Mashariki, mafundi cherehani wakimbizi wakakaa kwenye vyerehani vyao wakashona. Kitambaa kile hakikuwa N95. Kilikuwa barakoa ya Mikulicz: mimi nazuia mate yangu, wewe unazuia yako, sote tunapata nafuu. Kazi yake ilitegemea jirani pia avae.

Korona imepungua, lakini kifua kikuu hakijaondoka, na chenyewe kinapenda mahali penye watu wengi na hewa iliyofungwa. Ukikohoa wiki mbili au zaidi, nenda kliniki ukapimwe. Anayeumwa avae barakoa akiwa na wengine, na ameze dawa mpaka mwisho, kwa kuwa dawa ndiyo inayokata uambukizaji. Anayemhudumia kwa muda mrefu aulize kliniki kama anaweza kupata ile inayobana. Na kinga isiyohitaji kununuliwa ni hii: funga pazia la hema juu, fungua dirisha, acha upepo upite.

Turudi kwa wale wanne wa Konyo Konyo. Bodaboda na kitambaa chake: kinapunguza vumbi kubwa, hakizuii moshi wa magari. Mama wa makaa na leso yake ni vivyo hivyo, na ailoweshe kidogo vumbi likizidi. Fundi wa rangi: vikopo vyake vinafaa, mradi avibadilishe kabla havijajaa. Muuguzi: yuko sawa, kwa hiyo alama zile za mashavuni usimcheke. Zinaonyesha kwamba imeziba.

Daktari Mesny alikuwa na elimu. Waokoaji wa Cleveland walikuwa na ujasiri. Wauguzi wa Maridi walikuwa na huruma. Vyote hivyo ni vizuri, na havikuwatosha. Wewe umerithi walichojifunza waliobaki. Kabla ya kuvaa, uliza: inanikinga na nini, imeziba, hewa yenyewe inafaa?

MASWALI YA KIKUNDI CHA WASIKILIZAJI

1. Nani hapa kambini hufanya kazi yenye vumbi, dawa za sumu au moshi? Anavaa nini, na je, kinafaa kwa hatari hiyo?
2. Mtu akianguka kisimani au shimo la choo leo, tutamwita nani kwanza? Kila mtu hapa anajua?
3. Mwenye kifua kikuu tunamchukuliaje akivaa barakoa? Tunamkimbia, au tunamshukuru kwa kutukinga?

MTANGAZAJI: Kurasa hizi ukimaliza, mpe jirani, hasa yule anayechimba visima. Kutoka Juba, tubaki salama, tupumue vizuri, mpaka kipindi kijacho.

[MUZIKI WA KIPINDI UNAPANDA HADI MWISHO]